Kusoma kapilari za vidole: namna ya kufuatilia skleroderma kwa kapilaroskopia

Skleroderma, kwa wagonjwa walio wengi, huanza kwenye vidole. Baridi ikiwagusa, au wakipata mshtuko, damu inavikimbia vidole, vinakufa ganzi, kisha damu inarudi na maumivu yake. Hali hiyo inaitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Wengi wenye Raynaud hawana ugonjwa mwingine nyuma yake, na hawatakuwa nao. Kwa wachache ni dalili ya mwanzo ya skleroderma, ugonjwa ambao kingamwili zinageuka na kushambulia tishu unganishi: ngozi inakakamaa, mapafu yanaota makovu, moyo na figo navyo vinaweza kuguswa.

Kapilaroskopia ni kuangalia mishipa midogo kabisa ya damu, yaani kapilari, kwenye ile ngozi inayopakana na mwanzo wa ukucha. Mahali hapo kapilari zimelala chali, si kusimama wima kama kwingine kwenye ngozi, hivyo zinaonekana kwa urefu wake bila kuchoma sindano wala kukata chochote. Mwongozo huu nimemwandikia afisa tabibu, muuguzi wa kliniki ya ngozi au daktari wa hospitali ya mkoa mwenye dematoskopu (lenzi yenye taa ya kukagulia ngozi) mkononi, au hadubini ndogo ya USB, na mgonjwa ambaye atamwona tena na tena. Huko kurudi ndiko kwenye thamani. Picha ya leo inakusaidia kidogo. Picha ya leo ikilinganishwa na ya mwaka jana, vidole vilevile, kifaa kilekile, namna ileile ya kuhesabu, inakusaidia sana.

Hatua ya 1: Msikilize kabla ya kumwangalia

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri mgonjwa akuambie kwamba vidole vinakuwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu, kama vitabu vinavyoeleza. Wengi watasema vinakufa ganzi, vinachoma, au vinakuwa vya baridi kama vya maiti. Muulize kama kiganja au nyama iliyo chini ya ukucha hupauka. Mwombe apige picha kwa simu siku hali ikimpata.

Uliza kazi pia. Mwaka 1957 daktari Erasmus aliandika kuhusu skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, na tangu hapo vumbi la silika linajulikana kuwa chanzo kimojawapo. Mtu aliyechimba Geita au Mererani, au anayepasua mawe ya kokoto, ana haki ya kuulizwa swali hilo. Wanaoshika mashine za kutikisa mikono, kama za kuvunja miamba, nao hupata Raynaud, ila kwa sababu nyingine.

Hatua ya 2: Mwandae wiki kadhaa mapema

Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia, kabla hata kifaa hakijawashwa. Ukataji wa ngozi ya mwanzo wa ukucha huacha vidonda vidogo na damu iliyovuja, na wewe utadhani ni ugonjwa. Mwambie waziwazi: "Mama, kuanzia leo hadi siku ya kipimo usikate wala kusukuma ile ngozi ya kwenye ukucha. Wale vijana wa kucha wakipita mtaani, waambie safari hii hapana." Wiki 3 au 4 zinatosha. Rangi ya kucha itolewe mapema, na kucha za kubandika zisiwepo.

Hina inahitaji maelezo yake. Iliyobaki juu ya ukucha wenyewe haitusumbui, maana tunachokitafuta kiko kwenye ngozi. Iliyopaka ngozi ya mwanzo wa ukucha inaficha kila kitu, na piko ni mbaya zaidi. Kama kuna harusi karibu, pima kabla ya harusi au subiri ngozi itakate. Usimlaumu mgonjwa kwa hili. Mpe tarehe nyingine.

Siku yenyewe asivute sigara wala kunywa kahawa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Dawa zake asiache. Kama anatumia nifedipini au sildenafili, dawa za kupanua mishipa ya damu, andika jina na kipimo, basi.

Hatua ya 3: Chumba

Akae chumbani dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza, joto likiwa nyuzi 20 hadi 22. Najua kwamba Dar es Salaam bila kiyoyozi hutapata nyuzi 22, na Njombe mwezi wa saba hutazifikia bila hita. Pima joto ulilonalo, liandike, na ujitahidi lisipishane mno safari ijayo. Baridi ndiyo adui mkubwa kuliko joto: kapilari zikibana hazionekani, na utaandika kwamba hazipo.

Mkono ulale mezani usawa wa moyo, juu ya kitambaa kilichokunjwa, vidole vimelegea.

Hatua ya 4: Kijue kifaa chako

Vituo vikubwa hutumia kapilaroskopu ya video inayokuza mara 200. Hiyo ndiyo inayopima unene wa kapilari moja moja. Dematoskopu ya kawaida hukuza mara 10 tu. Inatosha kuona kapilari zilizovimba sana, madoa ya damu na sehemu zilizobaki wazi, lakini usijaribu kupima maikromita (sehemu za elfu za milimita) kwa hiyo. Kama hakuna chochote, hata oftalmoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, ikiwekwa kwenye lenzi yake yenye nguvu zaidi, pamoja na jeli juu ya ngozi, itakuonyesha kitu.

Hadubini za USB za bei nafuu ziko katikati, na lazima nitoe onyo: namba iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini. Piga picha ya rula yenye milimita, kwa umbali uleule na ukuzaji uleule utakaotumia kwa mgonjwa. Hesabu pikseli zilizomo kwenye milimita 1. Tuseme umepata 800. Basi maikromita 50, namba utakayoihitaji baadaye, ni pikseli 40. Picha ya rula iingie kwenye faili la mgonjwa kila safari. Bila hiyo vipimo vyako vyote ni vya kukisia, na mwenzako atakayepokea faili hataweza kuvitumia.

Hatua ya 5: Piga picha

Weka tone la mafuta kwenye ngozi ya mwanzo wa ukucha. Mafuta ya parafini ya maji ndiyo bora. Mafuta ya mtoto yaliyo mepesi, ya zeituni, au jeli ya ultrasaundi vinafaa. Mafuta huondoa mng'ao wa ngozi na kuifanya ipitishe mwanga.

Kagua vidole 8, gumba zote mbili ziache. Anza na kidole cha pete na kidole kidogo, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na ndiyo inayoonekana vizuri zaidi. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi sana hili si jambo la hiari: rangi ya ngozi hufunika kapilari, na vidole vya shahada na vya kati mara nyingi havitasomeka kabisa. Jaribu mwanga wa kijani kama kifaa kinao, kwa kuwa damu hunyonya kijani na hivyo kapilari huonekana nyeusi zaidi. Ongeza mafuta, subiri dakika moja, jaribu tena.

Gusa ngozi kwa wepesi. Ukikandamiza, damu inasukumwa nje ya kapilari na utaona eneo tupu ulilolitengeneza mwenyewe. Ukiona sehemu wazi, inua kifaa kidogo, subiri, tazama tena. Kama kapilari zimerudi, zilikuwepo.

Kwa kila kidole chukua picha 4 zinazopakana, kila moja ya upana wa milimita 1, katikati ya mwanzo wa ukucha. Kliniki yenye foleni ndefu inaweza kuchukua 2, lakini ikichagua 2 leo ibaki na 2 daima. Kidole chenye kovu, kidonda au jeraha la jembe kiruke na uandike sababu.

Kidole kisichosomeka andika "hakisomeki". Kuna tabia ya kuandika "kawaida" pale ambapo hakuna kilichoonekana, na mgonjwa anarudi nyumbani na cheti cha uongo.

Hatua ya 6: Hesabu

Kapilari nzuri inafanana na pini ya nywele: mguu mmoja unaleta damu, mwingine unairudisha, na kilele chake kimejipinda kuelekea ukucha. Zimejipanga safu moja, karibu sawa. Iliyojipinda kidogo, au ambayo miguu yake imepishana mara 1 au 2, bado ni ya kawaida.

Fanya mambo manne, kwa mpangilio huu, kwenye kila picha.

Kwanza idadi. Hesabu zile za safu ya mbele tu, katika milimita 1. Ukiwa na shaka kama kapilari fulani ni ya mbele au ya nyuma, chora mistari kutoka kilele chake kwenda vilele vya majirani zake wawili. Pembe ikizidi nyuzi 90, ihesabu. Zikiwa 7 au zaidi, idadi ni nzuri.

Pili unene, ukipimwa kwenye kilele. Chini ya maikromita 20 ni kawaida. Kati ya 20 na 50 imepanuka, jambo ambalo hutokea hata kwa watu wasio na ugonjwa wa tishu unganishi. Kuanzia 50 kwenda juu, ikiwa imepanuka kwa usawa, ni nene mno, na hata moja ya namna hiyo ina uzito.

Tatu umbo. Tafuta zilizochipua matawi, zilizosambaa kama kichaka. Huo ni mwili unaojaribu kuotesha mishipa mipya baada ya kupoteza ya zamani.

Nne damu iliyovuja. Madoa ya kahawia au meusi mbele ya kapilari. Doa moja kwenye kidole kimoja cha mtu anayelima au kufua kwa mikono lisikutie wasiwasi. Madoa kwenye vidole kadhaa, yakiandamana na kapilari nene mno, ni habari nyingine. Madoa haya hayadumu. Husogea kuelekea ukucha kadiri ngozi inavyokua na kupotea, kwa hiyo ukiyaona mapya kila safari ujue uharibifu unaendelea.

Hatua ya 7: Amua kwa sheria mbili

Mwaka 2019 kundi la EULAR (jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa baridi yabisi) linaloshughulikia mishipa midogo lilitoa njia fupi ya kuamua, na kwa kliniki zetu sioni iliyo bora zaidi. Sheria ya kwanza: kapilari 7 au zaidi kwa milimita, na hakuna iliyo nene mno, basi si sura ya skleroderma. Sheria ya pili: kuna hata moja iliyo nene mno, au idadi imeshuka hadi 3 au chini pamoja na maumbo yasiyo ya kawaida, basi ni sura ya skleroderma. Isiyoingia kwenye sheria yoyote kati ya hizo mbili inarudi kundi la kwanza: si sura ya skleroderma, ingawa unaweza kueleza kasoro ulizoziona.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu mgeni na mtu mzoefu hufikia jibu moja mara nyingi.

Hatua ya 8: Linganisha na safari iliyopita

Maricq na LeRoy ndio walioeleza sura hii ya skleroderma mwaka 1973. Mwaka 2000 Cutolo na wenzake wa Genova, Italia, waliigawa katika hatua tatu. Hatua ya mapema: kapilari chache nene mno, damu kidogo iliyovuja, idadi bado ipo na safu imetulia. Hatua kali: nene mno ni nyingi, damu imevuja kila mahali, idadi imeanza kupungua na mpangilio kuvurugika. Hatua ya mwisho: kapilari nyingi zimekufa, zilizobaki zina matawi, maeneo mapana hayana kitu, na zile nene mno karibu zimetoweka.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndipo mtego ulipo. Tuseme mwaka jana mgonjwa alikuwa na wastani wa kapilari 6 kwa milimita, na nene mno 9 katika vidole vyote. Mwaka huu nene mno ni 2, na hakuna damu iliyovuja. Mwenye haraka ataandika kwamba dawa imefanya kazi. Angalia idadi: imeshuka hadi 4. Zile nene hazikupona, zilikufa. Huyu amesogea kutoka hatua kali kuelekea hatua ya mwisho, na picha yake "safi" ndiyo mbaya kuliko ya mwanzo. Kupungua kwa kapilari kumehusishwa na vidonda vya ncha za vidole na pia na ugonjwa wa mapafu na mishipa yake, kwa hiyo namba hiyo inakutuma kwenye viungo vingine, si vidole peke yake.

Ndiyo maana nasema hesabu iandikwe kabla ya jina la hatua. "Hatua kali" miaka miwili mfululizo inaweza kuficha kushuka kutoka 6 hadi 4, namba haifichi.

Tofauti ya kapilari moja, kwa upande mwingine, si habari. Mikono yako mwenyewe inaweza kuileta. Tafuta mabadiliko yanayoonekana kwenye vidole kadhaa, au yanayoendelea upande mmoja katika vipimo vitatu. Ikiwezekana msomaji awe mmoja, na ahesabu picha mpya kabla ya kufungua majibu ya zamani, asije akavutwa nayo.

Kwa mgonjwa mwenye skleroderma wengi hurudia kila miezi 6 hadi 12. Mwenye Raynaud tu, kapilari zake nzuri na kingamwili hakuna, mara moja kwa mwaka inatosha, au mapema zaidi akianza kuvimba vidole, kupata vidonda au kukosa pumzi.

Magonjwa ya jirani

Dematomayositi, ugonjwa wa misuli na ngozi, hutoa sura inayokaribia sana ile ya skleroderma, na kapilari za kichaka ni nyingi. Ila mwenendo wake ni tofauti: ugonjwa ukidhibitiwa, kapilari zinaweza kurudi vizuri ndani ya miezi, jambo ambalo kwa skleroderma ni nadra kuliona. Hapa kupungua kwa zile nene, idadi ikipanda, ni nafuu ya kweli.

Lupasi, ugonjwa mwingine ambao kingamwili hushambulia mwili, haina sura yake. Utaona kapilari zilizojipindapinda, pengine zilizopanuka, na usijaribu kuthibitisha lupasi kwa njia hii. Mgonjwa wa lupasi mwenye sura kamili ya skleroderma huenda ana ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi. Mpeleke kwa mtaalamu wa baridi yabisi.

Hatua ya 9: Usiiache picha peke yake

Katika vigezo vya ACR (chama cha Marekani cha wataalamu wa baridi yabisi) na EULAR vya mwaka 2013 mgonjwa huhesabiwa kuwa na skleroderma akifikisha pointi 9. Kapilari zenye kasoro zinampa 2, Raynaud 3, kingamwili za skleroderma 3, na ngozi iliyokakamaa kwenye vidole vya mikono yote miwili hadi kupita vifundo vya kiganja inampa 9 peke yake. Kapilari, basi, hazitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Kwa kutabiri zina nguvu zaidi zikiwa na kingamwili. Utafiti wa Montreal, Kanada, uliochapishwa 2008 ulifuatilia watu 586 wenye Raynaud: karibu 80% ya waliokuwa na kapilari zenye kasoro pamoja na kingamwili za skleroderma walipata ugonjwa, na waliokosa vyote viwili hawakufika 2%. Kwa hiyo ukiona sura ya skleroderma, agiza kipimo cha ANA (kingamwili zinazolenga kiini cha seli) na kile cha kingamwili maalumu za skleroderma, hata kama sampuli italazimika kusafiri.

Mgonjwa aliyethibitika anahitaji kupimwa pumzi kwa spairometa, ultrasaundi ya moyo kila mwaka, na sitiskani (CT scan) ya kifua panapowezekana. Shinikizo la damu apime mara kwa mara, hata nyumbani au kwenye duka la dawa la jirani. Likipanda ghafla, pamoja na kuumwa kichwa au mkojo kupungua, ni dharura ya figo na asisubiri kliniki. Kidole kinachogeuka cheusi nacho ni dharura ya siku hiyohiyo. Na tafadhali, uzito wa mkono kwenye predinisoloni, dawa ya steroidi, upungue: kwa mgonjwa wa skleroderma dozi zaidi ya miligramu 15 kwa siku huongeza hatari ya figo kushindwa, na huku kwetu dawa hiyo hutolewa kama pipi.

Hatua ya 10: Hifadhi na utume

Kila picha ibebe namba ya faili, tarehe, mkono, kidole na sehemu. Jina la mgonjwa lisiwemo. Karatasi ya majibu iwe na joto la chumba, kifaa na ukuzaji, dawa anazotumia, wastani wa idadi kwa kila kidole, jumla ya zilizo nene mno, damu iliyovuja, maumbo, na vidole visivyosomeka.

Ukitaka maoni ya mtaalamu aliye mbali kwa WhatsApp, tuma picha kama dokumenti. Ukizituma kama picha za kawaida programu inazibana, na kinachopotea ni vile vishipa vyembamba ulivyokaa nusu saa kuvitafuta. Tuma pamoja nazo picha ya rula na karatasi ya safari iliyopita. Kama mgonjwa anahamia mkoa mwingine, mpe nakala kwenye flashi. Kliniki itakayompokea inaweza isiwe na kifaa chako, lakini itakuwa na mahali pa kuanzia.